Sombe Niliyoitema

Jumanne, 4 Februari

Siku ya tisa ya maziwa. Asubuhi kikombe kimoja. Mchana kikombe na yai la kuchemsha. Jioni mchuzi wa kuku, umechujwa. Muuguzi wa Mbarara alisema niandike kila kinachopita mdomoni, ndiyo maana nilinunua daftari hili la shule. Kurasa za kwanza zote ni maziwa, yai, maziwa. Mtu akiliokota atadhani ni daftari la ndama.

Leo nimesonga ugali wa muhogo mara mbili, nimepika sufuria kubwa ya sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, nimekaanga ndagala, dagaa wa kwetu. Hoteli yangu ina meza nne na paa la mabati, hapa Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi, lakini saa saba watu walikuwa wanasubiri nje. Wanakuja kwa ajili ya sombe. Wanakuja pia kwa ajili ya mwili wangu, maana mpishi mwembamba nani atamwamini? Miaka kumi na mbili mwili huu umekuwa kibao cha hoteli. Sasa nakwenda kuukata na sijamwambia mteja hata mmoja.

Nimechoka. Si njaa. Njaa naijua, tulitembea nayo tulipokimbia vita kutoka Fizi. Huu ni uchovu wa kutazama watu wakitafuna kutwa nzima.

Ijumaa, 7 Februari

Mpishi haachi kuonja. Chumvi haipimwi kwa macho. Kwa hiyo naonja, nageuka, natema motoni. Nimekuwa stadi: kijiko, ulimi, geuka, tema. Hakuna anayeona isipokuwa Neema, kitinda mimba wangu, ninayepika naye. Leo ameniambia nitazoea vibaya. Nimemwambia amenye vitunguu.

Wanaojua ni watatu. Neema. Amani, kifungua mimba wangu, yuko Kanada na ndiye anayelipa. Na Riziki, binamu yangu wa Mbarara. Basi.

Sababu niiandike mara moja, nisiirudie. Mwaka jana, msimu wa mvua, nilichuchumaa chooni nikashindwa kuinuka. Magoti yaligoma. Nilikaa mle mpaka aibu ikashindwa na maumivu, nikaita. Wanaume wanne walivunja mlango wakanivuta kwa kamba ya mbuzi waliyoipitisha makwapani. Mmoja wao ni shemasi wetu. Tangu siku ile nakunywa maji kidogo ili nisiende choo mara nyingi, huku nina sukari, na daktari anauliza kwa nini nimekauka. Amani alipoambiwa alilia kwenye simu. Ndiye aliyetafuta habari za upasuaji.

Nina miaka sitini na mmoja. Wenzangu wanajitayarisha kulea wajukuu, mimi najitayarisha kukatwa tumbo.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani mchungaji aliomba kwa ajili ya familia zilizotolewa kwenye orodha ya rasheni. Aliwataja kwa majina. Mama Shukuru, jirani yangu anayeuza makaa, alikuwa mmoja wao. Nilisema amina kwa sauti kubwa, nimefunga kitenge juu ya tumbo lile lile. Hapa watu wanalala bila kula na mimi nakwenda kupunguzwa ili nisile. Nitamwambia nani neno hilo? Nitalianzia wapi?

Baada ya ibada nimewaambia akina mama wa kwaya kwamba nakwenda kwa Riziki kutafuta vitenge vya Neema. Neema ana mchumba, Egide, kijana Mrundi anayetengeneza simu pale Base Camp, penye ofisi za kambi. Wazazi wake watakuja kuposa baada ya Pasaka. Vitenge vinahitajika kweli, kwa hiyo ni uongo nusu.

Wameniombea safari njema. Nimejisikia vibaya sana.

Jumanne, 11 Februari

Ruti. Zahanati ya ghorofa moja hapa Mbarara, kitanda cha pili karibu na dirisha. Malori ya Kabale yanapita chini na glasi ya maji inatikisika.

Wamenipima. Kilo mia moja ishirini na nane. Daktari ametoka Kampala, anakuja mara moja moja, angeweza kuwa mtoto wangu wa tatu. Alisema kwa umri wangu wanafikiri mara mbili, lakini moyo ni mzuri. Akachora kwenye karatasi. Sehemu kubwa ya tumbo inakatwa na kutolewa, inabaki kama ndizi ndogo. Nilimuuliza kile kinachotolewa kinapelekwa wapi. Alicheka. Muuguzi akacheka. Mimi sikucheka. Kwetu hata kitovu cha mtoto kina mahali pake pa kuzikwa, na hicho ni kipande kidogo tu.

Nimetia sahihi, kesho wananikata. Jina limetoka kama la mtu mwingine.

Naogopa. Nikifa hapa, Neema atawaeleza nini watu? Kwamba mama alikufa dukani akichagua vitenge?

Alhamisi, 13 Februari

Niko hai.

Koo kavu. Bega la kushoto linauma kuliko tumbo, wanasema ni hewa waliyonijaza. Vidonda vitano, vidogo, kila kimoja na plasta yake.

Maji kwa kikombe cha dawa ya mtoto. Kimoja, subiri. Kingine, subiri.

Muuguzi ni Mnyankore, mnene kidogo, mpole. Ananitembeza ukumbini asubuhi na jioni, ananiita nyabo, yaani bibi. "Nyabo, kunywa kidogo kidogo, sindiyo? Wewe hapana kula posho. Ukikula posho sasa, hii kitu inapasuka ndani, tunakurudisha theatre."

Posho kwao ni ugali. Nimemuuliza mpaka lini. Wiki mbili maji na uji wa kuchuja. Kisha vilivyopondwa. Ugali, labda miezi miwili, na kidogo. Sitamaliza tena sahani maisha yangu yote. Nililijua hilo, lakini leo ndiyo nimelisikia. Nimelia. Nilijiona mjinga, kulilia sahani.

Jumamosi, 15 Februari

Niko kwa Riziki, Nyamityobora. Chumba chake kinatazama karakana ya milango ya chuma, kelele tangu asubuhi. Uji wa mtama, umechujwa kwa kitambaa. Vijiko sita. Nimeshiba kama niliyekula sikukuu mbili.

Neema amepiga simu. Wazazi wa Egide wamewekwa kwenye orodha ya mabasi ya kurudi Burundi, wiki ya kwanza ya Machi. Rasheni imekwisha, shamba lao halizai, wamechoka kungoja. Egide mwenyewe anabaki na kazi yake. Ila wanataka kumaliza neno la Neema kabla ya kuondoka. Wanakuja Jumamosi ijayo. Baba Mdogo, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mwenye kauli upande wetu. Ameshakubali bila kuniuliza.

Jumamosi ijayo. Nitakuwa na siku kumi tangu nikatwe.

Nimefikiria kuahirisha. Haiwezekani. Wazazi wakishaondoka hakuna atakayekuja kuposa, na binti asiyeposwa na wazazi watu wanasema aliokotwa. Nikisema ninaumwa, watauliza ni ugonjwa gani. Mama anayekonda ghafla, kila mtu anajua jibu watakalojipa. Hakuna anayechukua mkwe katika nyumba ya ugonjwa.

Sijui la kufanya. Karakana nayo haipumziki.

Jumatatu, 17 Februari

Nyumbani. Riziki alinitafutia gari dogo lililokuwa linaleta mikate. Kila shimo la barabara nililisikia katika vidonda vyote vitano. Nimeleta vitenge, vizuri kweli.

Tumegombana na Neema. Anataka niwaambie. Anasema ni upasuaji, si wizi. Nimemwambia yeye ni mtoto, hajui watu.

Neno lenyewe ni moja tu: kuonja. Kwetu na kwao ni sawasawa, wote tunaogopa sumu, wote tumewahi kuzika mtu aliyekula kwa jirani. Mgeni hali mpaka mwenye nyumba achukue tonge la kwanza mbele ya macho ya wote na alimeze. Kwa wakwe ndiyo zaidi. Neema anauliza kwa nini Baba Mdogo asionje yeye. Kwa sababu nyumba ni yangu, jiko ni langu, na Misiera nzima inajua sombe ni yangu. Mwingine akionja mimi nikiwa nimesimama pale, ndipo watakaposhtuka.

Kwa hiyo nitaonja. Nimefanya mazoezi ya wiki mbili, sivyo? Tonge dogo, tafuna, nenda jikoni kama unayefuata chumvi, tema. Hakuna atakayejua.

 Neema amekwenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Alhamisi, 20 Februari

Uji, vijiko vinane. Maji.

Blauzi inapwaya. Mama Shukuru amenitazama tangu kichwani mpaka miguuni. "Mama Amani, unakonda. Mbarara kule balikuwa banakunyima chakula?" Nimesema ni joto. Kesho kutwa ni wageni. Nimechoka kabla hawajafika.

Jumapili, 23 Februari

Jana sikuweza kuandika. Leo nitaandika kisha nitalala.

Walikuja kumi na mmoja, saa sita mchana. Baba Egide na kofia yake. Mama Egide, mwembamba, mtaratibu, amevaa Kirundi, nguo imefungwa begani. Na Konsolata, shangazi wa kijana, mwanamke asiyepitwa na kitu. Walibeba mtungi wao wa pombe ya mtama, na sisi walokole wakatuletea kreti za fanta. Maneno yalikwenda vizuri. Baba Mdogo aliomba ng'ombe wanane, akijua hapa hakuna mwenye hata mbuzi mzima, na Baba Egide akasema ng'ombe wako njiani, wamechelewa kwa sababu ya foleni ya rasheni. Tulicheka wote. Nilifikiri limepita.

Kikaja chakula. Nilisimama mbele yao. Nikakata tonge dogo, nikachovya katika sombe, nikatia mdomoni. Wote walinitazama, kama inavyopasa. Nikatafuna. Nikaitika kwa kichwa, karibuni. Wakaanza kunawa. Nikaenda nyuma ya jiko, penye majivu, nikatema.

Nilipoinua kichwa Konsolata alikuwa amesimama pale na birika tupu mkononi. Alikuja kutafuta maji ya kunawia. Alitazama majivu, akanitazama mimi.  Akarudi. Kisha nikamsikia, sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja saa.

"Mwenye chakula ametema."

Sahani ziliwekwa chini, moja moja. Baba Egide alikuwa ameshameza tonge lake. Alitoka nje, akaegemea ukuta wa nyumba yangu, akatia kidole kooni. Mzee wa miaka sabini anajitapisha chakula changu. Nilimsikia mpaka mwisho.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Maneno yalikuwa machache tu. Lakini shemasi alikuwa amekaa upande wetu, yule wa kamba, na Mama Shukuru alikuwa mlangoni, aliyekatwa rasheni, na ulimi wangu ulikufa. Niliona aibu kuliko nilivyomwonea huruma binti yangu. Ndivyo ilivyokuwa, na sitaiandika vizuri kuliko ilivyokuwa.

Waliondoka na mtungi wao. Fanta wakaziacha. Egide alitoka wa mwisho, alimtazama Neema, Neema akatazama chini.

Baba Mdogo aliniuliza nilitia nini. Mimi, mke wa kaka yake kwa miaka thelathini na minne.

Jumatatu, 24 Februari

Nilifungua hoteli. Sombe imerudi nyumbani na sufuria imejaa. Watu walipita upande wa pili wa njia. Mteja wangu wa zamani, fundi wa baiskeli, aliomba chai tu, na akaniomba nifungue pakiti ya sukari mbele yake.

Mama Shukuru ndiye peke yake aliyeuliza waziwazi. "Ju ya nini ulitema? Batu banasema ulitia kitu. Mimi siamini, lakini banasema mingi." Nimemjibu ni jino. Jino linauma. Uongo mwingine, mdomo umeshauzoea. Na njia ya mwongo ni fupi, bibi yangu alitusomea hilo kila siku.

Neema hali. Mama hali kwa sababu amekatwa, binti hali kwa sababu ya mama. Uji wote nimeumwaga.

Jumanne, 25 Februari

Amani amepiga simu kuuliza kilo. Nimemwambia zinapungua.

Egide haji. Simu ya Neema iko kimya mezani na yeye anaitazama. Leo amesema neno moja tu kwangu, akiwa anafagia: "Ungekufa kwa tonge moja, Mama? Tonge moja tu?" Muuguzi alisema kinapasuka.  Huenda nisingekufa. Huenda nilitema kwa hofu tu, na kwa mazoea.

Jumatano, 26 Februari

Nimekwenda.

Sikuita bodaboda. Nilitaka muda wa kupanga maneno. Kwa wazazi wa Egide ni ng'ambo ya bonde, mtu mzima wa kawaida anatumia nusu saa, mimi nilitumia karibu mbili, na fimbo, nikipumzika kila kwenye kivuli. Mara ya mwisho kutembea njia ile kwa miguu sikumbuki. Magoti yaliuma lakini yalifika.

Mama Egide alikuwa anachambua maharagwe uani. Magodoro yao yameshafungwa kamba, tayari kwa safari. Konsolata alikuwa naye. Hawakuinuka. Sikungoja kukaribishwa, nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikasema yote. Ruti, daktari, ndizi, uji wa kuchuja. Niliona hawaamini. Basi nikapandisha blauzi, mchana kweupe, uani kwa watu.

Konsolata aliinama karibu kama anayekagua kitambaa sokoni. Akavihesabu. Vitano.

Mama Egide aliuliza, "Ulilipa watu wakukate tumbo?"

"Mwanangu alilipa."

"Ili usile?"

"Ili nisile."

Aliendelea na maharagwe kwa muda. "Sisi tunarudi Burundi kwa sababu hapa hakuna cha kula," alisema.

 Ndilo neno nililolikimbia tangu mwanzo, na lilipofika halikuniua. Lilikaa tu kati yetu. Sikujitetea. Nikawasimulia choo. Mvua, magoti, wanaume wanne, shemasi, kamba.

Konsolata alicheka, akaziba mdomo.

"Kamba ya mbuzi?" Mama Egide aliuliza.

"Ya mbuzi."

Hakucheka yeye. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Mimi nilifikiri unatuchukia. Ao umeona sisi ni maskini, unataka kumrudisha binti yako." Sikuwahi kufikiri hivyo hata siku moja, na nikamwambia. Nikamwambia pia mficha maradhi, kifo humfichua, na mimi kifo kilinifichua nikiwa hai. Alisema niende nyumbani, atazungumza na mzee.

Hawakunipa hata maji. Sikutegemea. Njiani nililia kidogo, kisha nikachoka kulia.

Ijumaa, 28 Februari

Niandike taratibu, nisikose kitu.

Hoteli ilikuwa na watu watatu, wote wanakunywa chai. Nje, wale wanaokaa kwenye benchi la kinyozi, ambao tangu Jumatatu wanatazama sufuria yangu kama jeneza. Saa saba akaingia Mama Egide. Peke yake, amevaa vile vile nguo ya begani, viatu vina vumbi la bonde. Hakunisalimu kwanza. Alikaa meza ya katikati.

"Bugali na sombe," alimwambia Neema.

Neema alinitazama. Nikaitika kwa kichwa. Akapakua, akaweka mezani. Mimi nikasogea, maana ni wajibu, hata kama tonge lile lingenipasua, safari hii ningemeza. Naandika hivi nikiwa na akili timamu. Nilinyoosha mkono.

Mama Egide aliusukuma mkono wangu pembeni kwa kiwiko, polepole, kama unavyomsukuma kuku kwenye nafaka. Akanawa. Akakata tonge, kubwa, akachovya, akala. Hakuna aliyemwonjea.  Akala la pili. Akaomba pilipili. Alikula sahani nzima mpaka akaifuta kwa tonge la mwisho, halafu akawageukia wale wa nje.

"Huyu mama ameumwa, wamemkata. Mwenyewe hawezi kuonja. Nimeonja mimi."

Kisha akanawa tena na kuuliza sombe naitia karanga au mawese. Mawese, nikasema. Akasema ndiyo maana. Akanishika mkono. Jumamosi, akasema, ndiyo kesho, watarudi, lakini nisipike, waje na chakula chao, maana nimechoka. Hilo la mwisho hakuniuliza, aliliona mwenyewe.

Neema alikwenda nyuma ya jiko akakaa karibu na majivu. Nilimwacha.

Jumapili, 2 Machi

Wamekuja, wamekwenda. Neema ameposwa. Ng'ombe bado wako njiani.

Baba Egide alionja chakula chao wenyewe mbele yetu, kisha akanitazama na kutabasamu. Mimi nilikunywa uji wangu kwenye kikombe cha dawa, mbele ya wote. Shemasi alijifanya anatazama paa.

Sasa Misiera nzima inajua. Wengine wanasema niliuza akili kwa watu wa Kampala. Mama Shukuru alikaa siku mbili bila kunisemesha, leo asubuhi amekuja. Alisimama mlangoni. "Weye unakata tumbo, miye ninatafuta cha kutia mu tumbo." Nikamwambia ni kweli. Nikampa sombe iliyobaki hotelini, akapokea, akaondoka bado amekasirika. Ana haki yake.

Na wanawake wawili wamekuja kwa siri, kila mmoja kivyake, kuuliza zahanati iko upande gani wa Ruti.

Jumapili, 9 Machi

Mabasi yaliondoka Alhamisi. Sikwenda kuyaona yakianza, Neema na Egide walikwenda. Mama Egide aliniachia chujio lake la uji, la bati, lenye mpini uliopinda.

Ijumaa nilikuwa Mbarara. Kilo mia moja kumi na saba. Muuguzi alifurahi. "Nyabo, wewe nafanya vizuri sana." Sasa naruhusiwa yai laini na maharagwe yaliyopondwa. Bado nachoka haraka. Ngozi ya mikono imelegea, naonekana mzee kuliko mwezi uliopita. Kuna asubuhi naamka nataka ugali mpaka nasikia uchungu, na sina wa kumwambia, kwa hiyo naandika hapa.

Hoteli inarudi kidogo kidogo. Fundi wa baiskeli amerudi, wengine hawajarudi na sidhani watarudi. Kabla ya sahani ya kwanza Neema anasimama mlangoni na kula tonge moja. Hakuna aliyemwagiza. Watu wanangoja alimeze, ndipo wanaingia. Mimi nakaa karibu na moto na kupima chumvi kwa ncha ya ulimi. Sitemi tena, kidogo kile nakimeza.

Leo asubuhi, chooni. Nilichuchumaa. Nikashika ukuta. Nikainuka peke yangu. Nilisimama mle kidogo, mkono bado ukutani, kisha nikatoka kuwasha moto.

Mchana simu ililia, namba ya Burundi. Mama Egide. Wamefika, nyumba haina paa, mvua imeanza, wako kwa ndugu. Sauti yake ilikuwa imechoka kama yangu. Aliuliza nimekula nini. Nusu yai, nikasema.

"Nani ameonja?"

"Neema."

"Basi kula," alisema. Laini ikakatika.

Nimemaliza ile nusu nyingine. Nimeosha kijiko.